Pedi za Breki Zilizolika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari

Majibu haya yanamhusu mwenye gari dogo la kawaida, mfano wa Vitz, IST, Probox au Corolla, lenye breki za diski mbele na breki za ngoma nyuma, ambaye anataka kuifahamu hali ya breki zake kabla hazijaharibika, na ambaye akiwa na vifaa vinavyofaa angependa kubadilisha pedi za mbele kwa mikono yake. Magari yenye breki za aina nyingine yamezungumziwa katika sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Pedi za breki ni nini, na kwa nini zinalika?

Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna diski ya chuma inayozunguka pamoja nalo. Diski hiyo imekumbatiwa na kalipa, na ndani ya kalipa mna pedi mbili, moja upande wa ndani wa diski na nyingine upande wa nje. Kila pedi ni bati gumu lililogandishwa nyenzo ya msuguano. Dereva akikanyaga pedeli, mafuta ya breki huisukuma pistoni ya kalipa, pistoni huibana pedi ya ndani kwenye diski, na kalipa yenyewe huteleza juu ya pini zake na kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto, na kila mara chembe kidogo za pedi humeguka. Unga mweusi unaoufuta kwenye rimu za mbele kila unapoosha gari ndiyo sehemu ya pedi iliyokwisha kutumika.

Kulika, basi, si hitilafu. Pedi imetengenezwa ilike ili diski, ambayo ni ghali zaidi, idumu.

Kwa nini za mbele huisha kabla ya za nyuma?

Gari linapopunguza mwendo, uzito wake huegemea mbele, ndiyo maana abiria nao huinama. Magurudumu ya mbele hushika barabara kwa nguvu zaidi, na watengenezaji huyapa sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari. Breki za ngoma za nyuma zinaweza kukaa miaka mingi, lakini zisisahauliwe kabisa, maana hizo ndizo zinazoshikilia handbreki.

Pedi hudumu kilomita ngapi?

Hakuna idadi moja ambayo mtu anaweza kuitegemea. Gari linaloshinda katika foleni ya Ubungo jijini Dar es Salaam au ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, likisogea hatua tatu na kusimama, linaweza kumaliza pedi kabla ya kilomita 25,000, ilhali gari kama hilohilo linalosafiri zaidi kwenye barabara kuu tambarare likavuka kilomita 60,000 kwa pedi zilezile. Barabara za vumbi huongeza ulaji kwa sababu mchanga laini hukaa kati ya pedi na diski ukafanya kazi ya msasa. Kilomita zikukumbushe kukagua tu. Uamuzi wa kubadilisha utokane na unene uliopimwa.

Pedi ikiwa na unene gani ibadilishwe?

Pedi mpya ya gari dogo huwa na nyenzo ya msuguano yenye unene wa takribani milimita 10 hadi 12, bila kuhesabu bati. Vitabu vya magari mengi ya Toyota vinaweka kikomo cha mwisho kuwa milimita 1. Ushauri wetu ni kununua pedi mpya mara unapoona milimita 4, na kuzifunga zinapofikia 3, kwa sababu mbili. Kwanza, pedi mara nyingi hailiki sawasawa: upande mmoja wa pedi hiyohiyo unaweza kuwa na milimita 3 na mwingine 1. Pili, nyenzo ya msuguano ndiyo inayozuia joto la diski lisiifikie pistoni na mafuta ya breki, na ikiwa nyembamba sana joto hupita moja kwa moja.

## Dalili

Ni kelele zipi za kuzichukulia kwa uzito?

Mluzi mwembamba, mkali, unaosikika gari likitembea na wakati mwingine ukanyamaza unapokanyaga breki, kwa kawaida hutoka kwenye kibati kidogo kilichofungwa pembeni mwa pedi. Kibati hicho kimewekwa makusudi: nyenzo ikibaki ndogo, ncha yake hugusa diski na kulia. Una muda wa kujipanga, lakini ni wa siku chache.

Mlio mzito wa kusaga, ambao mguu huusikia kwenye pedeli pamoja na sikio, ni jambo jingine kabisa. Hapo nyenzo imekwisha na bati linakwangua diski. Gari la namna hiyo lisiendeshwe mpaka litengenezwe.

Zipo kelele mbili zinazowatisha watu bure. Gari lililolala nje wakati wa mvua, au karibu na bahari, hupata kutu nyembamba juu ya diski, nayo hukwaruza katika breki mbili tatu za asubuhi kisha ikatoweka. Na baada ya kupita kwenye moramu, jiwe dogo linaweza kunasa kati ya diski na bati la kuzuia vumbi, likatoa mkwaruzo usiokatika hata bila kukanyaga breki. Mara nyingi ukirudi nyuma mita chache hudondoka.

Gari langu halilii kabisa. Je, niko salama?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo tungependa kila msomaji aondoke nalo. Si kila pedi ina kibati cha kulia. Nyingi za bei nafuu hazina, na zilizo nacho aghalabu wamekiweka kwenye pedi moja tu. Sikio huja kujua mwisho.

Hata macho yanadanganyika yakitazama kwa haraka. Gari la mwandishi wa majibu haya lilikuwa kimya, na kila wiki alichungulia kupitia matundu ya rimu akaiona pedi ya nje ikiwa na kama milimita 6, akaridhika. Siku aliyofungua gurudumu kwa ajili ya pancha, aliinamia kalipa kwa tochi na kuona pedi ya ndani imebaki bati tupu linalong'aa, lenye mistari kama ya sahani ya santuri, na diski ya upande ule imechimbika kiasi cha kuzama kwa ukucha. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka, kalipa haitelezi, na pedi ya ndani pekee ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kwa miezi kadhaa. Kwa pedi ambazo bei yake ni ndogo, alinunua na diski mbili.

Kwa hiyo fungua gurudumu, utazame pedi zote mbili za kila upande kwa tochi. Ukilifanya jambo hili kila kilomita 10,000, au kila unapobadilisha nafasi za matairi, hutashtukizwa.

Taa nyekundu ya breki imewaka kwenye dashibodi. Inahusiana na pedi?

Huenda. Hakikisha kwanza handbreki imeachiwa kabisa. Taa ikiendelea kuwaka, fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya breki. Pedi zinapolika, pistoni hutoka nje zaidi ili kuzifuata, na mafuta hushuka kwenye kikopo kujaza nafasi hiyo. Yakifika alama ya chini, taa huwaka. Ikiwa yameshuka taratibu kwa miezi, kagua pedi. Ikiwa yameshuka ghafla, pana mahali panapovuja, na gari lisitembee.

Kosa la kawaida ni kuongeza mafuta na kusahau. Taa huzimika, pedi zinaendelea kulika, na siku ya kuweka pedi mpya, pistoni zinaporudishwa ndani, mafuta yaliyozidi humwagika juu ya kikopo na kubabua rangi ya gari.

Pedeli imekuwa laini au inazama. Nibadilishe pedi?

Pedi zilizolika peke yake hazifanyi pedeli iwe laini kama sponji. Hali hiyo huashiria upepo ndani ya mabomba, mafuta yaliyochakaa, uvujaji au silinda kuu iliyochoka. Usifungue pedi ukitumaini kuiponya. Mpe fundi wa breki.

Usukani unatetemeka nikikanyaga breki. Je?

Mara nyingi diski zimekuwa na unene usio sawa, au ziligusana na kitovu cha gurudumu kilichojaa kutu. Pedi mpya juu ya diski hiyo zitatetemeka vilevile baada ya muda mfupi. Soma jibu kuhusu diski hapa chini.

## Kununua

Nitapataje pedi zinazolingana na gari langu?

Jina la gari halitoshi. IST ya injini ya 1.3 ina msimbo NCP60 na ya 1.5 ina NCP61, na muuzaji anayeelewa kazi yake atakuuliza namba ya chasisi kabla hajanyanyua boksi. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, namba hiyo huanza na msimbo wa modeli na imegongwa kwenye kibati ndani ya chumba cha injini. Piga picha, uende nayo Kariakoo au Barabara ya Kirinyaga. Bora zaidi, beba pedi ya zamani uilinganishe na mpya kwa kuziweka mgongo kwa mgongo: umbo, upana wa masikio (ncha mbili za bati) yanayoingia kwenye reli za kalipa, na mahali kibati cha kulia kilipo.

Nitaitambuaje pedi bandia?

Boksi lenye chapa maarufu si ushahidi. Itoe pedi utazame ukingo wake: nyenzo iwe imeshikana na bati bila mwanya wala ufa, uso uwe tambarare, na ukiikwaruza kwa ukucha isidondoke unga kama chaki. Mgongoni pawe na maandishi yaliyogongwa au kuchapwa vizuri, siyo karatasi iliyobandikwa tu.

Pedi nyingi zinazofuata taratibu za Marekani zina herufi mbili mwishoni mwa msimbo wa ukingoni, kwa mfano FF au GG. Herufi ya kwanza hueleza msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida na ya pili ikiwa ya moto zaidi: E ni kipimo cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya FE, yaani inayopoteza nguvu ikipata moto, haimfai mtu wa milimani. Herufi hizi hueleza ushikaji tu. Hazisemi pedi itadumu muda gani.

Pedi inayouzwa kwa bei iliyo chini mno kuliko maduka yote jirani iache hapohapo.

Je, diski nazo zibadilishwe?

Si kila mara. Diski nyingi zimegongwa maandishi ya unene wa chini kabisa, ama ukingoni ama kwenye kofia ya katikati. Pima kwa kipimo cha venia (kifaa cha kubana na kusoma unene) sehemu inayoguswa na pedi, siyo ule ukingo wa nje ambao haujalika. Ikiwa imefika au kupita kikomo, au ina ufa, nunua mpya, mbili kwa pamoja. Ikiwa bado nene lakini ina mistari mirefu, karakana yenye mashine ya kukereza inaweza kuisawazisha, mradi baada ya kukerezwa ibaki juu ya kikomo.

Naweza kubadilisha upande mmoja tu?

Hapana. Pedi zote nne za mbele hubadilishwa pamoja. Pedi mpya na pedi kuukuu hazishiki kwa nguvu sawa, na tofauti hiyo hudhihirika siku ya breki ya ghafla kwenye lami yenye maji, gari linapopinda upande mmoja.

## Kazi yenyewe

Nahitaji vifaa gani?

Jeki imara na stendi mbili za jeki, spana ya magurudumu (nati za magari mengi madogo ya Toyota ni saizi 21), spana za boksi na ringi kuanzia 12 hadi 17, bisibisi bapa, klampu kubwa ya seremala ya kusukumia pistoni, brashi ya waya, kipande cha waya wa kufungia, kitambaa, dawa ya kusafishia breki, grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, miwani na barakoa. Bomba la sindano kubwa lisilotumika hospitalini linafaa kunyonyea mafuta kwenye kikopo. Ukiweza kuazima spana inayopima nguvu ya kukaza, iazime.

Gari liinuliwe wapi na namna gani?

Tafuta sakafu ngumu na tambarare. Kama uwanja ni udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kwa gari la mkono, vuta handbreki, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma. Legeza nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado limegusa chini, kisha ndipo uinue, na ulishushe gari juu ya stendi.

Tofali la saruji si stendi. Linabeba uzito uliotulia ukutani, lakini likigongwa au kuelemewa upande mmoja hupasuka ghafla bila kutoa ishara, hasa lile lenye matundu. Jeki nayo ni ya kuinulia tu. Usiingize mkono wala mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua zinakwendaje?

Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili, ili ule ambao haujafunguliwa uwe kielelezo chako ukisahau kitu kilikaaje.

Anza kwenye kikopo: kama mafuta yako karibu na alama ya juu, nyonya kiasi, kisha legeza kifuniko. Ondoa gurudumu na ugeuze usukani upande utakaokupa nafasi nyuma ya kalipa. Utaona boliti mbili zinazoishika kalipa kwenye pini zake. Kwa magari mengi inatosha kutoa ya chini na kuiinua kalipa kama kifuniko cha sanduku. Kama haifunguki vya kutosha, toa zote mbili na uining'inize kalipa kwa waya kwenye springi. Isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta hata dakika moja, kwa maana mpira huo ukipasuka ndani hutauona kwa macho.

Chomoa pedi za zamani ukikumbuka ipi ilikuwa ndani na ipi nje. Tazama zilivyolika, maana zina habari (rejea swali la pedi zisizolika sawa). Sugua reli za masikio kwa brashi ya waya hadi kutu itoke, na kama pedi mpya zimekuja na vibati vipya vya reli, viweke hivyo. Sasa weka pedi kuukuu juu ya pistoni, ibane kwa klampu, na uisukume pistoni ndani polepole huku ukitupia jicho kikopo. Safisha pini za kalipa, zipake grisi, uhakikishe zinateleza kwa kidole. Tumbukiza pedi mpya, uso wa msuguano ukitazama diski (wapo waliozigeuza kwa haraka, na chuma kikakutana na chuma), rudisha kalipa, kaza boliti, rudisha gurudumu.

Muda wote huo mtu yeyote asikanyage pedeli. Kalipa ikiwa wazi, pistoni inaweza kuruka nje yote na mafuta yakamwagika. Ufunguo wa gari ukae mfukoni mwako, hasa pakiwa na watoto.

Pistoni inakataa kurudi ndani. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha kifuniko cha kikopo kimelegezwa na kwamba hujakutana na pistoni ya kuzungushwa, ambayo imeelezwa katika sehemu ya mwisho. Bana tena kwa uvumilivu, ukiiweka klampu katikati ili pistoni isiingie kiubavu. Ikiwa bado haisogei, au mpira wake wa kuzuia vumbi umechanika na kutu inaonekana, kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya. Usiigonge kwa nyundo, na usiweke pedi mpya juu ya pistoni iliyoganda.

Grisi inapakwa wapi na wapi hapana?

Kwenye pini za kalipa, kidogo sana kwenye masikio ya pedi, na utando mwembamba mgongoni mwa bati ambapo pistoni na kalipa hugusa. Haipakwi kabisa kwenye nyenzo ya msuguano wala kwenye diski. Grisi ya kawaida ya beringi huyeyuka kwa joto la breki na huvimbisha baadhi ya mipira, hivyo haifai. Ukigusa diski kwa mkono wenye grisi, ifute kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kufunga.

Vumbi la breki lina madhara?

Ndiyo. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo husababisha saratani, na huwezi kuthibitisha kwa macho kilichomo kwenye pedi usiyoijua asili yake. Usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kama inavyofanyika katika gereji nyingi mbele ya vijana wanaojifunza kazi. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, vaa barakoa, na nawa kabla ya kula.

## Baada ya kazi

Nimekanyaga breki na pedeli imezama hadi chini!

Ndivyo inavyotarajiwa, mradi gari halijasogea. Pistoni zilirudishwa ndani, na bado hazijaifikia pedi. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga na kuachia polepole mara kadhaa mpaka pedeli iwe juu na ngumu kama ilivyokuwa. Kisha tazama kikopo, ongeza mafuta hadi kati ya alama mbili, na ufunge kifuniko. Mtu akisahau hatua hii na kurudi nyuma kutoka uani, breki ya kwanza haitakuwapo. Ikiwa baada ya kukanyaga mara ishirini pedeli bado ni laini, upepo umeingia, na gari lisitoke hapo.

Nati za magurudumu zikazwe kiasi gani?

Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni newtoni-mita 103. Hicho ni sawa na uzito wa kilo 26 kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 40, kwa hiyo mtu anayesimama juu ya spana na kurukaruka anavuta boliti mpaka zichoke. Kaza kwa mpangilio wa nyota, siyo kwa kuzunguka duara, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa?

Zinahitaji. Tafuta barabara isiyo na magari mengi, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 kwa mguu wa wastani, bila kusimama kabisa, mara kumi hadi kumi na tano, ukiachia nafasi kati ya moja na nyingine ili diski zipoe. Harufu kidogo ya kuungua ni ya kawaida hapa. Kwa kilomita 200 za kwanza epuka breki kali isipokuwa kwa dharura, na uongeze umbali kati yako na gari la mbele.

Nimeweka pedi mpya na bado zinalia. Kwa nini?

Sababu za mara kwa mara ni vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi vilivyosahaulika, reli zenye kutu, diski yenye mistari, au pedi zenyewe kuwa ngumu kupita kiasi. Fungua tena, safisha, rudisha kila kibati mahali pake. Mlio usiopungua baada ya wiki mbili na pedi zenye asili ya mashaka ni sababu tosha ya kuzitupa.

## Hali za pekee

Pedi za upande mmoja zimelika tofauti. Zinasema nini?

Pedi ya ndani ikiisha kabla ya ya nje, pini za kalipa zimekauka au pistoni hairudi vizuri. Pedi ikilika kimshazari, kama kabari, kuna pini moja iliyoganda au reli iliyojaa kutu. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi, na gari likavuta upande huo, pistoni imeganda au mpira wa mafuta wa upande huo umeziba. Watu wa Tanga, Mombasa na Zanzibar hukutana na haya zaidi, kwa kuwa chumvi ya hewani haiachi chuma. Huko tunashauri pini zipakwe grisi kila mwaka hata kama pedi bado nene.

Gari langu lina diski nyuma pia. Kazi ni ileile?

Siyo daima. Pale ambapo handbreki hufanya kazi ndani ya kalipa ya nyuma, pistoni haisukumwi moja kwa moja. Huzungushwa kwa kifaa chake huku ikisukumwa, na ukiilazimisha kwa klampu utaivunja ndani. Handbreki ya umeme, ile ya kitufe, huhitaji kwanza kuwekwa katika hali ya matengenezo, mara nyingi kwa kompyuta ya gereji. Mpe fundi mwenye kifaa hicho.

Na gari la haibridi?

Pedi za haibridi hudumu sana kwa sababu mota ya umeme hufanya sehemu kubwa ya kupunguza mwendo na kurudisha nguvu kwenye betri. Kwa kuwa hazitumiki sana, pini na reli huganda kwa urahisi. Hatari yake ni nyingine: katika Prius, kompyuta ya breki inaweza kuamka na kupandisha presha hata mlango wa dereva ukifunguliwa tu, na kidole kilichoko kwenye kalipa wakati huo kitabanwa. Usiifungue bila kufuata utaratibu wa kitabu cha modeli hiyo.

Niongeze mafuta gani ya breki?

Aina iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, kutoka kwenye kopo jipya. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo chake cha chini ni nyuzi 140; DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Ndiyo sababu hubadilishwa yote kila baada ya miaka miwili hivi. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Oili ya injini ikiingia humo, hata kijiko kimoja, huvimbisha mipira yote ya mfumo.

Pedi ni mpya, lakini breki zilipotea nikishuka mlima. Kwa nini?

Kwa sababu ya joto. Kwenye Kitonga kuelekea Dar es Salaam, au Sachangwan kuelekea Nakuru, dereva anayeshikilia pedeli mfululizo hupasha pedi mpaka zipoteze msuguano, na mafuta yenye maji yanaweza kuchemka yakawa mvuke. Mvuke hubonyea, kwa hiyo pedeli huzama bila kazi. Kabla ya mteremko kuanza, weka gia ndogo (B, L au 2 kwa otomatiki) uiache injini ilishike gari, ukanyage breki kwa vipindi vifupi vya uhakika kisha uachie. Ikitokea pedeli imelegea, shusha gia zaidi, pampu pedeli, na utumie handbreki taratibu. Ukifanikiwa kusimama, kaa angalau nusu saa, usimwagie diski maji, na usiendelee na safari mpaka pedeli iwe ngumu tena. Hata hivyo mafuta ya breki yabadilishwe na pedi zikaguliwe kabla ya mteremko mwingine, kwa kuwa pedi iliyoungua hupata uso wa kung'aa kama kioo na haitashika kama mwanzo.